Harusi kwenye jumba la makumbusho: pesa yako iende wapi, na irudi vipi

Tuseme dada yako anaolewa Desemba. Kamati imeshakaa mara mbili, mchango umeanza kuingia, na mtu kwenye kikundi cha WhatsApp anatupa wazo: "Mbona tusifanyie kwenye makumbusho?" Picha zinafuata. Nyasi za kijani, jumba la mawe, taa za manjano, maharusi wameegemea nguzo ya zaidi ya miaka mia. Kila mtu anaweka alama ya moyo. Dakika kumi hazijaisha, namba ya simu imeletwa: "Huyu broka ananijua. Atatushikia tarehe, lakini anataka elfu thelathini leo leo. Kuna wengine wanaitaka."

Hapo ndipo tunakuomba usimame kidogo, kabla hujaweka namba ya siri.

Kukodi jumba la kihistoria ni jambo zuri, na linawezekana kuliko wengi wanavyodhani. Lakini pesa yake haiendi kama pesa ya kukodi hema na viti. Inagawanyika vipande kadhaa, kipande kimoja kinatakiwa kurudi kwako, na kuna mahali pamoja tu panapofaa kuipokea. Ukielewa hayo mapema, utalinda mchango wa watu.

Je, makumbusho hukodishwa kweli?

Ndiyo. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ile taasisi ya serikali inayosimamia majumba na maeneo ya kale nchini, hukodisha baadhi ya kumbi, nyua na bustani zake kwa harusi, mikutano, chakula cha jioni na hata uzinduzi wa bidhaa.

Kwa Nairobi, wengi wanajua makumbusho makuu pale Museum Hill, penye sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Kule Karen kuna nyumba aliyoishi mwandishi Karen Blixen, iliyojengwa mwaka wa 1912, na bustani yake imeonekana kwenye albamu nyingi za harusi. Katikati ya jiji, karibu na Nyayo House, kuna Nairobi Gallery, jengo la mwaka wa 1913 ambalo sasa lina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Mombasa nayo ina Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 na ambayo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2011.

Kuwa wazi kwa umma si sawa na kuwa wazi kwa kila shughuli. Pengine bustani inakodishwa lakini vyumba vya maonyesho havikodishwi. Pengine chakula cha jioni kinaruhusiwa lakini muziki wa usiku kucha hauruhusiwi. Kwa hivyo swali la kwanza kwa ofisi ya makumbusho lisiwe "ni pesa ngapi?" Uliza, "Ni sehemu gani hasa tunayopewa, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na kwa watu wangapi?"

Nchi nyingine hufanya vivyo hivyo. Uingereza unaweza kuolewa Hampton Court, jumba lililokuwa la Mfalme Henry VIII. Shirika la hisani linalolitunza, Historic Royal Palaces, halitegemei fungu la kawaida kutoka serikalini. Linaendesha kazi yake kwa tiketi za wageni, wanachama, michango na kukodisha majumba. Kwa maneno mengine, harusi ya mtu mmoja husaidia kuziba paa ambalo wote watapita chini yake.

Kwa nini masharti ni mengi hivyo?

Hema likipasuka, mwenye hema atanunua jingine. Mlango wa mbao uliochongwa na fundi aliyefariki zamani haununuliki tena.

Tazama jirani zetu wa Zanzibar. Beit-al-Ajaib lilijengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883, na lilikusudiwa hasa kwa sherehe na kupokea wageni. Ni jumba lililojengwa kwa ajili ya hafla. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Hakukuwa na karamu siku hiyo, na hatusemi karamu ndiyo ingeliangusha. Tunasema tu kwamba jengo la kale linaweza kuonekana imara kwenye picha huku ndani limechoka. Wanaolitunza wanajua ni wapi limechoka. Mpambaji wako hajui.

Ndiyo maana utakutana na masharti kama haya:

- Hakuna msumari, gundi wala kamba kwenye ukuta au nguzo. Mapambo yasimame yenyewe.
- Hakuna mishumaa wala fataki karibu na mbao, vitambaa na michoro.
- Chakula na vinywaji vikae mbali na vyumba vya maonyesho. Majumba mengi ya sanaa duniani yanaogopa divai nyekundu kuliko kitu kingine, kwa sababu doa lake halitoki kirahisi.
- Idadi ya wageni ikishaandikwa, hiyo ndiyo idadi. Kama mmesema 150, wasije 300.
- Spika zisitikise madirisha, na muziki uzimwe saa iliyokubaliwa.
- Droni ya mpiga picha iwe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA.

Hapa Kenya si suala la adabu peke yake. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa kuwa turathi, na kuyaharibu ni kosa. Kwa hivyo nakala ya masharti mpeni mpambaji, mpishi, dijei na mpiga picha. Wao ndio watakaokuwa na ngazi na nyaya mikononi siku hiyo, na makosa yao yatalipwa kutoka kwa amana yenu.

Pesa inagawanyika vipi?

Bei hutofautiana kutoka jumba hadi jumba na hubadilika, kwa hivyo hatutakutajia bei ya mahali popote. Omba bei rasmi kwa maandishi. Lakini muundo wake huwa unafanana. Hebu tutumie mfano wa kubuni:

- Kodi ya mahali: Sh180,000
- Amana ya uharibifu: Sh60,000
- Walinzi na usafi: Sh25,000
- Ada ya kupiga picha na kurekodi video: Sh15,000

Jumla ni Sh280,000. Sasa angalia vizuri: gharama yenu halisi si Sh280,000. Ile amana ya Sh60,000 ni yenu bado. Imewekwa tu mikononi mwa mwenye jumba, na mkiondoka bila kuharibu kitu inatakiwa kurudi. Gharama halisi ni Sh220,000.

Kamati nyingi hukosea hapa kwa njia mbili. Wa kwanza wanahesabu amana kama pesa iliyokwisha, halafu ikirudi baada ya wiki tatu hakuna anayejua ni ya nani. Imerudi kwenye simu ya mtu mmoja, na yeye kimya. Wa pili wanahesabu amana kama pesa ya kumlipa mpishi baada ya sherehe. Mpishi anadai Jumatatu, amana haijarudi, na bwana harusi anakopa akiwa fungate. Andikeni amana kwenye mstari wake peke yake, na mkubaliane mapema ikirudi itafanya nini.

Kuna na ile pesa ya kushikilia tarehe. Kwenye mfano wetu, tuseme ni nusu ya kodi, yaani Sh90,000. Zilizobaki, Sh190,000, zinalipwa kabla ya siku yenyewe. Ulizeni maswali matatu kuhusu hizo Sh90,000 na mpate majibu kwa maandishi: tukighairi zinarudi? Tukihamisha tarehe zinahama nasi? Na jumba likifungwa kwa ukarabati au kwa shughuli ya serikali, tunarudishiwa zote? Msichanganye pesa ya kushikilia tarehe na amana. Mara nyingi ya kwanza hairudi ukighairi, ya pili ndiyo inayorudi.

Pesa iende wapi?

Hapa ndipo watu huumia, na ndiyo sababu kubwa ya sisi kuandika makala haya.

Tangu mwaka wa 2023, serikali imekuwa ikihamishia malipo ya huduma zake kwenye eCitizen, kupitia namba moja ya Paybill: 222222. Makumbusho ya Kitaifa yamo humo. Unapokodi jumba la serikali, unatakiwa kupewa ankara yenye namba ya kumbukumbu, na hiyo namba ndiyo unayoandika kwenye sehemu ya akaunti unapolipa. Ukikosea akaunti, pesa inaingia serikalini lakini ofisi ya makumbusho haioni kuwa ni ya harusi yenu. Iandike polepole, au mwenzako akusomee.

Kwa jumba la mtu binafsi, au la taasisi isiyo ya serikali, lipa kwa Paybill, kwa Till au kwa akaunti ya benki yenye jina la taasisi hiyo. Kabla malipo hayajakamilika, skrini inakuonyesha jina la anayelipwa. Lisome. Umeambiwa unalipa jumba fulani halafu linatokea jina la mtu binafsi? Acha hapo hapo. Hakuna haya kubonyeza kitufe cha kughairi.

"Lakini broka anajulikana!" Sawa, wapo mabroka waaminifu, na ukitaka kumlipa mtu kwa kazi ya kukutafutia mahali, ni haki yake. Mlipe ada yake, na iwe ndogo ukilinganisha na kodi. Kodi na amana zisipite kwenye simu yake. Broka mwaminifu atafurahi, kwa sababu siku kukitokea shida hatashikwa yeye.

Wakora wanajua mambo matatu kuhusu kamati ya harusi: mna haraka, mna pesa ya watu wengi, na hakuna mmoja wenu anayejiona ndiye wa kuuliza maswali magumu. Kila mtu anadhani mwenzake ameshauliza. Kwa hivyo teueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza tu. Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, awe amefanya haya:

1. Amefika mahali penyewe, akaingia ofisini na kuzungumza na msimamizi wa hafla. Picha za WhatsApp si ziara.
2. Ameitafuta namba ya ofisi mwenyewe kutoka tovuti rasmi, si ile iliyoletwa na broka.
3. Ameuliza ofisi, si broka, kama tarehe iko wazi.
4. Ana bei, masharti na ankara kwa maandishi, na tarehe, saa na sehemu iliyokodiwa zimetajwa.

Safari ya matatu hadi Museum Hill ni pesa kidogo sana kando ya Sh90,000.

Mweka hazina, hii ni yako

Huduma kubwa za pesa kwa simu nchini zina viwango. Muamala mmoja hauzidi Sh250,000, kwa siku hauzidi Sh500,000, na salio la simu halizidi Sh500,000. Kwa mfano wetu, mkiamua kulipa Sh280,000 kwa mkupuo mmoja, haitapita. Gawanya mara mbili, na uandike namba ile ile ya kumbukumbu kwenye malipo yote mawili. Usisubiri saa tano usiku wa siku ya mwisho ndipo ugundue.

Kiwango cha salio nacho kina mtego wake. Simu yako ikijaa, mchango wa shangazi aliye Eldoret utakataa kuingia, naye atafikiri umeukataa. Kadiri pesa inavyoingia, lipa ankara zilizoiva au hamishia benki.

Na tafadhali usiweke mchango kwenye laini unayonunulia sukari. Ukifikia kutoa hesabu, utakuwa unatafuta Sh1,500 za mjomba katikati ya tokeni za stima. Tumia laini nyingine au akaunti ya kikundi yenye watu wawili au watatu wa kuidhinisha malipo. Kila malipo yakitoka, nakili ule ujumbe wa kuthibitisha wenye namba ya muamala na uutume kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Picha ya skrini peke yake haitoshi, kwa sababu siku hizi huhaririwa. Namba ya muamala ndiyo inayoweza kukaguliwa.

Risiti iandikwe jina la nani?

Hili linaonekana dogo mpaka uone lilivyomfikia mtu mkubwa. Oktoba 2016, Carlos Ghosn, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya magari ya Renault, alifanya karamu katika Grand Trianon, jumba lililojengwa enzi za Mfalme Louis XIV ndani ya uwanja wa Versailles, Ufaransa. Renault ilikuwa na makubaliano ya ufadhili na Versailles. Februari 2019, kampuni hiyo ilisema imegundua kuwa manufaa ya euro 50,000 chini ya makubaliano hayo yalitumika kwa faida yake binafsi, na ikapeleka jambo hilo kwa waendesha mashtaka. Wakili wake alisema Ghosn aliamini jumba alipewa bure, na kwamba yuko tayari kulipa.

Swali lenyewe ni rahisi na linatuhusu hata sisi wa mchango wa mia tano: nani alilipa jumba, na karatasi inasema nini? Kama bosi wako amesema "nitalipia ukumbi", lipo tofauti kati ya yeye kulipa mfukoni mwake na kampuni kulipa. Kama chama chenu kimetoa pesa, je, ni zawadi au mkopo? Andikeni. Na risiti ya jumba iwe na jina la yule atakayerudishiwa amana, kwa sababu ofisi nyingi hurejesha pesa kwa aliyelipa tu. Kama mweka hazina ndiye aliyelipa, kamati ijue amana itarudi kwake.

Siku ya sherehe, na siku ya amana

Fikeni mapema kabla ya wapambaji. Mtembee na msimamizi wa jumba, mpige picha za kuta, sakafu, milango na nyasi jinsi zilivyo. Kama kuna ufa au doa, lionyesheni na liandikwe. Mkimaliza, mtembee tena naye, mpige picha zile zile, na mwombe aandike kwamba amekagua. Usiondoke usiku na kusema "tutaonana Jumatatu." Jumatatu mpambaji mwingine atakuwa ameshapita.

Ulizeni kabla ya kulipa: amana hurudi baada ya siku ngapi, na kwa njia gani? Ikicheleweshwa, andika barua pepe yenye namba ya muamala, tarehe ya hafla na ile karatasi ya ukaguzi. Kuwa na karatasi ni bora kuliko kuwa na hasira.

Na kama umeshatuma kwa mtu asiye sahihi?

Usijifiche kwa aibu. Piga simu kwetu, huduma kwa wateja, saa hiyo hiyo na uombe malipo yazuiwe. Kama pesa bado haijatolewa, kuna nafasi. Ikishatolewa, nafasi hupungua sana, kwa hivyo dakika zina thamani. Usifute jumbe, usimtukane mkora akakublock, na usikubali akuambie "tuma kidogo tena nikurudishie zote." Piga ripoti kituo cha polisi, upate namba ya OB, halafu uwaambie kamati ukweli siku hiyo hiyo. Kamati ikijua leo, bado inaweza kutafuta mahali pengine. Ikijua wiki ya harusi, ndipo mambo huwa mabaya.

Lile jengo la Nairobi Gallery tulilolitaja lilikuwa ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Kabla ya watu kupiga picha mlangoni pake, maharusi walikuwa wakienda pale ili jina lao liandikwe kitabuni. Ukilipia jumba kama hilo, fanya vivyo hivyo na pesa: iwe na jina, tarehe na namba. Dada yako acheze hadi miguu iume, na Jumatatu mweka hazina afungue simu bila kuogopa.